Mikunjo ya Nakaale

Usiku wa kuamkia siku ya kufunguliwa shule, mimi na jirani yangu Nakaale tulikaa nje ya mlango wangu, kwenye ploti yetu ya Bulla Pesa, tukisikiliza kama lori linakuja. Ilikuwa Januari ya mwaka wa themanini na tano. Lotukoi, mume wa Nakaale, alikuwa amekwenda Oldonyiro kwa dada yake kuomba kitu kimoja tu: gauni la shule la binti yao Jecinta, ambalo Nakaale mwenyewe alikuwa amelitoa kabla ya Krismasi. Lori la mifugo likifika kabla ya asubuhi, Jecinta ataingia darasa la nane pamoja na wenzake. Lisipofika, atabaki nje. Mwalimu Kaimenyi, mkuu wa shule, alikuwa ametangaza mpaka kanisani kwamba mlango wa darasa jipya hautapitwa na mtoto asiye na sare.

"Hilo ni lori," nikasema.

"Hilo ni punda wa jirani yetu Bile anakohoa," akajibu Nakaale. "Mama Kawira, ukisikiliza hivyo masikio yatakudondoka."

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikisikia mlango unagongwa, nahesabu kwanza watoto wangu ndipo naenda kufungua. Lakini usiku ule mwenye shida alikuwa yeye, na yeye ndiye aliyekuwa ametulia. Alikuwa anasuka kikapu cha majani ya mkoma gizani, vidole vyake vinakwenda kama vina macho. Ila nilimchunguza nikaona jambo: alikuwa akisuka mstari, anaufumua, halafu anausuka tena. Kikapu hakikuwa kinakua.

Nakaale alizaliwa upande wa Oldonyiro, katika jamii ya wafugaji. Mama yake alikuwa mshonaji wa sketi za ngozi ya mbuzi, na kutoka kwake Nakaale alirithi neno moja ambalo alilisema maisha yake yote: "Usikate. Kunja." Ngozi ukiikata, alisema, haijui kurudi. Ukiikunja inakungoja.

Mimi nilihamia Isiolo kutoka milimani Meru kumfuata mume wangu, aliyekuwa dereva wa magari ya kutengeneza barabara. Nilimkuta Nakaale chumba cha pili, akiuza vikapu na mifagio. Kawira wangu na Jecinta wake walianza darasa la kwanza siku moja. Hapo ndipo nilipoona mara ya kwanza namna mwanamke yule anavyovisha watoto.

Sisi wengine tulikuwa tunakumbuka sare Januari. Wiki ile ya mwisho tunajazana kwenye baraza la Godana fundi cherehani kama ng'ombe kwenye birika, kila mama ameshika mtoto mkono, na Godana anapima huku meno yake yameuma pini. Januari Godana alikuwa mfalme. Ukimwambia aongeze kidogo chini, anakuambia, "Mama, wengine wanangoja." Anakata mtoto alivyo siku hiyo, na kufikia Agosti magoti yako nje.

Nakaale hakuonekana hapo Januari hata siku moja. Yeye alikwenda Julai, baada ya mvua ndefu, wakati mbuzi wamenona na mnunuzi hawezi kukudanganya, na Godana amekaa barazani anapiga miayo. Anauza beberu mmoja, ananunua kitambaa kizito cha buluu, halafu hashoni. Kwanza anakiloweka, anakianika juani, anakiloweka tena, mpaka kimalize ujanja wake wa kurudi. Ndipo anakipeleka.

"Fundi, shona gauni la msichana wa darasa la saba," alimwambia Godana siku moja, Jecinta akiwa bado wa darasa la tatu.

Godana akamtazama mtoto, akatazama kitambaa. "Huyu? Atapotea ndani, mama. Tutamtafuta na tochi."

"Mshonee dada yake mkubwa, halafu umkunje ndani yake."

"Dada yake mkubwa yuko wapi?"

"Ni yeye mwenyewe. Bado hajafika."

Godana alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Lakini alishona. Gauni lile lilikuwa na mikunjo kiunoni, mikunjo chini, na mishono ya mbavuni iliyolala ndani kama mtu aliyekunja miguu. Kila mwaka kabla ya shule, Nakaale alimkalisha Jecinta kwenye kigoda, akafumua mkunjo mmoja kwa sindano, polepole, bila kukata hata uzi. Ule uzi aliuzungusha kwenye kijiti akautunza. Mahali mkunjo ulipokuwa, jua lilikuwa halijafika, kwa hiyo palibaki mstari wa buluu mbichi. Ukimwona Jecinta kwa nyuma, ungeweza kusoma yuko darasa la ngapi.

Watoto hawakumhurumia. "Jecinta, gauni lako linakumbuka mambo mengi kuliko mwalimu wa historia," Kawira alimtania.

"Na lako halikumbuki hata mwaka jana," Jecinta akajibu, "kwa sababu mwaka jana halikukutosha."

Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nanunua kila nguo kwa kipimo cha siku ile, kwa sababu nilitaka Kawira aonekane nadhifu, na pia kwa sababu niliogopa watu waseme mke wa dereva anavalisha mtoto gunia. Nguo zikimbana nilizifua, nikazipiga pasi, nikazitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kwa nini sikuzigawa? Niliogopa. Nilifikiri siku moja zitahitajika, ingawa sikujua na nani. Siku Nakaale alipoona sanduku lile limefunguliwa, alichutama, akahesabu magauni kwa kidole, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mama Kawira, unafuga nguo?"

"Nazihifadhi."

"Ukifuga mbuzi wanazaa. Hizi je?"

Na Krismasi, usiseme. Bulla Pesa nzima ilikuwa inanunua nguo za maua na soksi zenye ua pembeni. Watoto wa Nakaale walikwenda kanisani na sare za shule, zimefuliwa zikapigwa pasi ya makaa, na viatu vya tairi vimepakwa mafuta ya mbuzi mpaka vinameta. Krismasi ya Nakaale ilikuwa ya buluu. Watu walicheka, lakini Januari, sisi tukikimbia huku na huku kukopa, yeye alikuwa amekaa kivulini anasuka kikapu.

Basi mwanamke kama huyo alipotezaje gauni?

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa. Mbuzi walikufa, waliobaki mbavu zao zilihesabika kwa mbali, na sisi sote tulikula mahindi ya manjano. Mwaka huo huo tuliambiwa masomo yamebadilika: shule ya msingi itakuwa na darasa la nane. Wazazi tukaitwa kujenga chumba. Wanaume walileta mawe na wanawake maji. Hakuna aliyebeba maji mengi kuliko Nakaale. Alibeba mtungi kichwani, kibuyu mkononi, na alipaka udongo ukutani kwa viganja vyake huku anaimba.

Lakini kichwani mwake, lile darasa lilikuwa la watoto wa nyuma, wale wadogo watakaoanza masomo mapya. Jecinta wake alikuwa darasa la saba, na darasa la saba ndio mwisho. Tena mwaka ule, kwa sababu ya mabadiliko hayo, darasa la saba halikufanya mtihani. Nakaale aliposikia hakuna mtihani, alifurahi sana. Aliniambia, "Serikali imeona njaa, imewasamehe watoto." Mimi nilidhani anatania, nikacheka. Kawira naye alikuwa darasa hilo hilo na nilijua anaendelea la nane, kwa hiyo haikunijia kwamba mtu anayepaka ukuta wa chumba hajui ni chumba cha mtoto wake.

Shule ilipofungwa, Jecinta alikwenda Garbatulla kwa kaka yake Lomorukai, aliyekuwa ameajiriwa huko kulinda pampu ya maji. Nyuma yake, Nakaale alilifua gauni kwa mara ya mwisho. Alichukua zile nyuzi alizozitunza kwenye kijiti, akarudisha mikunjo yote ndani, mmoja mmoja, mpaka gauni likawa dogo tena kama siku ya kwanza. Akalipeleka Oldonyiro kwa mkono wa mtu wa soko, zawadi ya Krismasi kwa Akal, mtoto wa wifi yake. Alirudi nyumbani kutoka sokoni ameridhika, kama mtu aliyemaliza shamba akatundika jembe.

Baada ya mwaka mpya Jecinta akarudi. Nilikuwa napepeta mahindi nje nikasikia.

"Mama, gauni langu liko wapi?"

"Limekwenda kwa Akal. Wewe umemaliza."

"Nimemaliza nini? Mama, naingia darasa la nane!"

"La nane ni la watoto wa nyuma."

"Mama, wewe ndiye umelijenga. Ulikuwa unadhani tunajengea nani?"

Halafu nikasikia Nakaale anaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyejipiga mwenyewe kwa fimbo yake. Alicheka mpaka akatoka nje akashika ukuta wangu. "Mama Kawira," akasema, "nimebeba maji mwaka mzima, na hakuna mtu aliyeniambia ni ya kwangu!" Lakini macho yake hayakucheka. Mbuzi waliobaki walikuwa majike wenye mimba. Kuuza jike mwenye mimba ili ununue kitambaa, kwake kulikuwa sawa na kung'oa mlango ili upike chai.

Nilimwambia achukue magauni ya Kawira. Alikataa. "Hayo yamekatwa," akasema. "Na Jecinta ni mnara. La Kawira litamfika hapa." Akaonyesha kitovu.

"Godana anaweza kuunganisha mawili."

"Kuunganisha vipande ni kazi ya godoro, si nguo. Lotukoi ataenda Oldonyiro. Lile gauni lina mikunjo yake yote. Tutafumua, litamfunika magoti, basi." Halafu akaongeza, "Kama wifi hajalikata."

Hilo ndilo tulilokuwa tunalingojea usiku ule.

Lori lilifika wakati muadhini anaadhini alfajiri. Tulikimbilia barabarani na khanga mabegani, Jecinta mbele yetu kwa miguu yake mirefu. Lotukoi alishuka kutoka katikati ya mbuzi, vumbi mpaka kwenye kope, mikono mitupu.

"Gauni liko wapi?" Nakaale akauliza.

Lotukoi akageuka, akanyanyua mikono juu, akapokea mtoto kutoka kwenye lori. Msichana mdogo, meno ya mbele hakuna, shanga shingoni, na mwilini mwake gauni la buluu limekunjwa vizuri, mikunjo yote mahali pake.

"Hili hapa," akasema Lotukoi.

"Baba Jecinta, nilikutuma nguo."

"Ndiyo hiyo. Dada yangu amesema kitu alichovishwa mtoto mbele ya watu hakivuliwi. Ukikitaka, mchukue na mwenyewe."

Nakaale akachutama mbele ya mtoto. "Akal, mke wa mjomba anataka kuangalia hilo gauni kidogo. Utalivua?"

Akal akashika upindo kwa mikono yote miwili. "Hapana," akasema. "Naenda nalo shule."

Hata Jecinta, aliyekuwa karibu kulia, alishindwa kujizuia kucheka. Nakaale alipitisha kidole kwenye mshono wa kiunoni, pale alipokuwa amerudisha uzi wake mwenyewe, na kwa muda nilidhani atamvua mtoto kwa nguvu. Halafu akasimama. Nikaona amenitazama, na nikajua anachotaka kusema na kwamba ni kigumu kukitamka.

"Lile sanduku lako," akasema. "Limefungwa na kufuli?"

Sikungoja. Nilirudi na magauni matatu ya Kawira mkononi, yaliyopauka kila moja kwa namna yake, maana yalianikwa miaka tofauti. Tukamkuta Godana anatoka msikitini, kofia kichwani.

"Habari ya asubuhi, kina mama. Kuna msiba?"

"Kuna gauni," akasema Nakaale. "Kabla kengele haijalia."

Godana akafungua, akawasha taa ya karabai, akatandaza magauni matatu mezani. Akampima Jecinta. Akapiga mluzi. "Huyu ndiye yule tuliyesema tutamtafuta na tochi? Amefika." Akachukua mkasi, akaushika hewani bila kuushusha, akamtazama Nakaale. Miaka yote ile aliyomjua, mwanamke huyu hakuwahi kumruhusu akate zaidi ya shingo na mikono. "Mama Jecinta, hapa hakuna kukunja. Nikianza nimeanza."

Jecinta alikuwa anamtazama mama yake. Mimi nilikuwa natazama mwanga unavyoongezeka nje. Nakaale akalishika gauni la kwanza, akalifuta kwa kiganja kama anavyofuta mgongo wa mbuzi anayeuzwa.

"Kata," akasema.

Mkasi ukalia. Nakaale alifumba macho mpaka ulipomaliza.

Sikuwahi kuona cherehani ikikimbia vile. Mimi nilishika taa na Nakaale akashona vifungo. Akal alilala chini ya meza juu ya vipande, amekumbatia magoti yake ndani ya sare yake. Lilipokwisha, lilikuwa gauni la ajabu: kifua buluu ya zamani iliyopauka, kiuno buluu ya katikati, sketi ndefu ya buluu ya mwaka jana. Jecinta alilivaa, likamfunika magoti vizuri. Lakini ndani ya upindo Nakaale alikuwa tayari anapapasa.

"Fundi, umeacha kidogo?"

"Nimeacha vidole viwili, mama. Nakujua."

Kengele ilikuwa inalia tulipofika shuleni. Darasa jipya lilikuwa pembeni ya uwanja, mabati yake yanametameta, madirisha bado ni mashimo matupu. Wazazi walikuwa wamesimama huku na huku kuona mlango ukifunguliwa mara ya kwanza, na Mwalimu Kaimenyi alikuwa mbele yake, suti ya kahawia, ufunguo mkononi, anakagua watoto mmoja mmoja. Kawira akapita. Jecinta akafuata, na mwalimu akainua ufunguo kama askari anayesimamisha gari.

"Hii ni sare gani?"

"Ni ya buluu, mwalimu," akasema Jecinta kwa sauti ndogo.

"Naona buluu tatu."

Hapo ndipo Nakaale alipotokea nyuma yangu, Akal mgongoni, vipande vya uzi bado vidoleni.

"Mwalimu, ulitangaza kanisani sare ni buluu," akasema. "Nilikuwa nimekaa mbele nikasikia. Hukusema buluu ngapi."

Wazazi wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alilizunguka gauni lile, akatazama mishono, akatazama urefu. Akamtazama Akal mgongoni kwa Nakaale, na sare yake ya mikunjo. "Na huyu?"

"Huyu ni wa darasa la kwanza. Amekuja na lori. Ukimuuliza kuhusu nguo atakuuma."

Nikaona mdomo wa mwalimu unacheza pembeni. Lakini alikuwa ametangaza mbele ya watu, na mtu aliyetangaza mbele ya watu hana pa kurudi haraka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aligeuka, akatia ufunguo kwenye kufuli jipya, akasukuma mlango.

Akatoka mbuzi.

Alikuwa mbuzi mweupe wa mtu wa jirani, aliyekuwa ameingia kwa dirisha wakati wa likizo akaona pana kivuli. Alisimama kizingitini, akatutazama sote, kipande cha chati ya masomo ya ukutani kinaning'inia mdomoni, kisha akapita katikati ya miguu ya mwalimu akaenda zake uwanjani bila haraka.

"Mwalimu," akasema Nakaale, "yule je? Yeye amekwisha kusoma la nane, na sikuona sare."

Hapo hata Mwalimu Kaimenyi alishindwa. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, na uwanja mzima ukacheka naye. Akatoa kitambaa akafuta macho, kisha akasogea pembeni, akausukuma ule mlango mpaka ukagonga ukuta wa ndani.

"Ingia, Jecinta," akasema. "Ukae mbele, nikuone."

Jecinta akaingia, buluu zake tatu zikitangulia gizani. Nakaale hakuondoka. Alichungulia kutoka kizingitini, akanyoosha mkono, akapapasa ukuta wa ndani mahali alipopaka kwa viganja vyake mwenyewe.

"Mama Kawira," akaninong'oneza, "hebu niambie mapema. Kuna darasa la tisa?"